Kakao ya Mama Masika na Sheria Zetu Tatu

Siku mliyoniaga kazini mlinipa daftari nene na kalamu mbili, mkaniomba niandike juu ya maadili ya nyumba yetu ya biashara ili wanaoanza kazi wapate kusoma. Nimeanza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika mashauri. Nilipoyasoma nikaona yanafanana na lile tangazo la ukutani kwenye depo, ambalo hakuna aliyewahi kulisoma hadi mwisho isipokuwa yule aliyelipigilia misumari. Nikayapasua. Sasa nitaandika tu yaliyonipata, kwa mfuatano yalivyokuja. Nitaandika Kiswahili cha shule, lakini watu nitawaacha waongee kama walivyoongea. Kama kuna fundisho ndani yake mtanionyesha, kwa sababu mimi mwenyewe silioni sawasawa.

Kazi nilianzia Butembo, kwenye kiwanda cha kahawa cha nyumba yetu. Tulikuwa wanawake wengi, tumekaa mistari, tunachambua kwa mkono: nyeusi huku, iliyovunjika kule, nzuri mbele. Nilikuwa natembea kwa miguu kutoka Mususa kila asubuhi, na hata Jumapili kanisani nikifumba macho kusali naona mbegu. Siku moja patron wetu, yaani bosi, Papa Désiré, akaja kutuambia kwamba nyumba itaanza kununua kakao kule Beni, na anatafuta mtu mwenye pua nzuri. Wenzangu wote wakanisonta kidole, Kahindo, Kahindo! Si kwa kunipenda. Ni kwamba kila siku nilikuwa nalalamika juu ya harufu ya choo.

Beni nilipokelewa na Papa Théo, mkubwa wa ubora. Alikuwa mtu wa Lubero, kule kwenye baridi, na kofia yake ya sufu hakuivua hata jua la saa sita lilipotulowesha jasho wote. Hakunisalimu sana. Alinipa kisu kidogo na ubao wenye mashimo hamsini, akamimina kakao mezani, akasema, "Kata."

Nikakata mbegu hamsini, moja moja, nikazipanga kwenye mashimo. Kidole gumba nilikikata mara mbili. Kisha akanionyesha: ile yenye rangi ya kahawia ndani, mkulima aliivundika vizuri chini ya majani ya migomba, siku sita. Ile ya zambarau, aliharakisha. Ile ya kijivu, ngumu kama jiwe, hakuivundika kabisa. Aliitoa kwenye ganda akaianika. Tukahesabu. Akaniuliza kakao hii ni ya nani. Nikamwambia sijui, sikumwona aliyeileta.

"Ni vile tu ninataka," akasema. "Kwanza mbegu, nyuma mutu. Ukianza na mutu, jicho itakudanganya. Ndugu yako utamupatia kahawia, na ule mwenye unachukia utamupatia zambarau."

Mashine ya kupima unyevu ilikuja baadaye. Kabla yake tulitumbukiza mkono kwenye gunia hadi kwenye kiwiko, tukashika konzi moja, tukaibana karibu na sikio. Kakao kavu inalia kama majani makavu, mbichi inanyamaza. Papa Théo hakuiamini mashine. Ikisema unyevu ni nane kwa mia, yeye alikuwa anabana kwanza, anasikiliza, halafu anaiambia, "Umejaribu." Ndani ya magunia nilikuta mawe, nilikuta maganda, na siku moja nilikuta kiatu cha mtoto. Mwenye gunia alifurahi sana. Alikuwa amekitafuta wiki nzima.

Baada ya misimu michache nilianza kuwatambua wakulima kwa mbegu zao, kama mwalimu anavyotambua mwandiko wa wanafunzi. Kakao ya Mama Masika ningeitambua gizani. Alikuwa mjane, shamba lake liko upande wa msituni, na alivundika ndani ya masanduku ya mbao aliyoyapiga mwenyewe. Anageuza siku ya pili, anageuza siku ya nne. Mbegu hamsini, arobaini na sita kahawia. Papa Théo alikuwa anazikata, anatingisha kichwa, haongei. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Niseme pia neno juu ya Papa Désiré, kwa sababu nisingependa mumfikirie vibaya kwa yatakayofuata. Mwaka mmoja, katikati ya mavuno, alisikia wakulima wakinong'ona kwamba mizani yetu inakula kilo. Hakuuliza mtu. Alishuka Beni, akaenda kupimwa uzito kwenye kituo cha afya, akaja moja kwa moja depo na kupanda juu ya mizani yetu mbele ya wauzaji wote, na viatu vyake na tumbo lake. Tulimpunguza kilo mbili. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alifunga manunuzi siku tatu, magari yakisubiri, mpaka fundi akaja kuitengeneza. Nilijiambia nafanya kazi kwa mtu mwenye haki. Bado nasema hivyo. Ila zamani nilikuwa nasema hivyo haraka zaidi.

Papa Théo alipochoka alirudi Lubero, mimi nikabaki mkubwa wa meza. Ni wakati huo usalama ulipoharibika upande wa mashamba: watu wenye bunduki waliingia msituni. Watu walikimbia na magodoro kichwani, wakajazana Mulekera, mtaa wa Beni mjini, kwa ndugu na kwa watu wasiowajua. Kakao iliachwa imeiva juu ya miti. Sasa fikirini: wakulima wote wako mjini, wanaomba maji kwa majirani, na kwenye depo kakao inaingia kuliko zamani. Nani anavuna? Niliuliza swali hilo kwa sauti siku moja, na mtu wa mizani akaniangalia kama nimetukana.

Wanunuzi wetu wa ng'ambo nao wakauliza. Papa Désiré akatukusanya. Kukawa na mafunzo ya siku mbili, kukawa na soda, kila mmoja akapata kofia. Sheria ya kwanza ikapigiliwa ukutani: hatununui kakao bila karatasi ya chefu wa kijiji, yenye muhuri, inayosema shamba ni la muuzaji. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimeuliza swali, na sasa nyumba imelijibu.

Hazikupita wiki mbili, Mama Masika akaja. Alikuwa amekonda. Alibeba kakao mgongoni, kamba imepita kwenye kipaji cha uso, akaitua mbele ya meza yangu. Nikakata. Zambarau, zambarau, zambarau. Nikamtazama.

"Siwezi kukaa kule siku sita," akasema. "Tunaendaka asubuhi, bamama bane, tunavuna mbio mbio, tunarudi. Nakuja kuivundika hapa ku nyumba ya batu, mu ndoo."

"Mama, si rangi inanisumbua. Uko na karatasi?"

"Karatasi ya nini?"

"Ya chefu. Ya kuonyesha shamba ni yako."

"Chefu mwenyewe alikimbia mbele yangu. Muhuri iko naye, fasi yenye iko miye sijui." Akasubiri nicheke, sikucheka. "Kahindo. Uko unanijua ao hapana?"

"Ninakujua, mama. Lakini sheria ni ya bote."

"Shamba unaijua?"

"Ninaijua."

"Basi ni nini tena haujue?"

Alijifunga kamba kwenye kipaji, nikamsaidia kuinua mzigo, na hiyo ndiyo huduma pekee niliyompa siku ile.

Kabla ya saa sita ikaingia gari ya Jérôme. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa kati, mtu wa miaka kama arobaini, mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua. Magunia ishirini na karatasi moja yenye muhuri wa buluu. Nikakata. Kila mbegu ilikuwa na baba yake: kahawia mbili, zambarau, kijivu, moja imechipua, moja changa kama maharage. Zilikuwa mbegu hamsini za mashamba labda thelathini.

"Jérôme, hii yote inatoka mu shamba moja?"

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema moja."

"Basi ni moja."

Nikaweka sahihi. Asubuhi ileile nimekataa kakao ya mwenye shamba na kupokea kakao ya mwenye muhuri, na mara zote mbili nilikuwa nafuata sheria. Sikuwa na hasira. Nilikuwa kama mtu aliyeshushwa na pikipiki mahali asipopajua, pikipiki imeshaondoka, na yeye anageuka huku na huku akitafuta njia aliyojia.

Nilikwenda Butembo kumwona Papa Désiré. Nilimwambia yote, hata sahihi yangu. Alisikiliza huku akifungua na kufunga kifuniko cha kalamu.

"Nikiondoa karatasi, bezi bataingia bote," akasema. "Nikiiacha, Masika anabaki inje. Weye uko na njia gani?"

"Miye sina, patron. Nilikuwa nafikiri uko nayo."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Mwisho wa wiki ikaja sheria ya pili. Karatasi imeondolewa. Badala yake, muuzaji alete mashahidi watatu wa kijiji chake, watu ambao depo imewajua miaka mingi, waapishwe mbele ya meza. Lilikuwa wazo zuri. Hata leo ukiniamsha usingizini ukaniuliza, nitakwambia ni zuri.

Na lilifanya kazi. Mama Masika alirudi na jirani zake watatu, na msimu ulipoendelea nikaona jambo la ajabu: mbegu zake zilianza kurudi kahawia. Thelathini, halafu arobaini, halafu arobaini na tano. Maana yake kuna mahali anavundika siku sita bila kukimbizwa. Nilifurahi hadi nikasahau kuuliza mahali hapo ni wapi. Ninyi wenye kisu leo, mbegu itawaambia ilivundikwa siku ngapi. Mengine haitasema.

Siku Papa Désiré aliposhuka kuona sheria yake mpya ikitembea, ndiyo siku Jérôme alipoingia na gari. Nikakata kakao yake: nzuri, kahawia karibu yote. Nikamwomba mashahidi. Wakashuka wanawake watatu nyuma ya gari, na wa kwanza alikuwa Mama Masika. Alinyoosha mkono, akaapa kwa jina la Mungu kwamba shamba ni la Jérôme.

Nikaweka kisu mezani. Papa Désiré, aliyekuwa amesimama karibu na mizani, akasogea.

"Mama Masika, shamba hii ni ya Jérôme?"

"Batu batatu banasema ni yake. Sheria yenu inaomba batu batatu ao bane?"

Wapakuzi wakacheka. Papa Désiré akavua kofia, akakaa juu ya gunia, akawa anamtazama kutoka chini. "Mama, hapa hakuna polisi. Niambie tu."

Mama Masika akamtazama Jérôme. Jérôme akatazama viatu vyake.

"Zamani tulikuwa tunapita siye benyewe, na woga," akasema. "Yeye anaongeaka na bale ba kule, ba bunduki. Miye siulizi anaongea nao nini. Tangu munataka bashahidi, alikuja kutuona Mulekera: nitabavusha, mutakaa mu mashamba yenu, mutavuna, nusu yenu, nusu yangu, na mutakuja kunishuhudia. Basi tunamushuhudia. Batoto banakula. Weye, patron, ungefanya nini?"

Papa Désiré alivaa kofia yake, akaivua tena. Wapakuzi walikuwa wamesimama na magunia mabegani. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani: kakao ya Jérôme ni ya wizi, kwa sababu nusu imechukuliwa kwa nguvu. Kakao ya Mama Masika si ya wizi, lakini imepita mlango uleule. Bila wizi wa Jérôme, yeye haendi shambani. Bila sheria yetu, Jérôme hamhitaji. Basi sisi ni nani katika habari hii? Nilihesabu mara kadhaa, na kila mara jibu lilitoka tofauti.

Juma lililofuata Papa Désiré akatupatia sheria ya tatu, fupi kuliko zote: nyumba yetu hainunui tena kakao ya upande ule. Hata kilo moja. Alisema hawezi kuweka jina la nyumba juu ya gunia ambalo nusu yake imenyang'anywa, na kwamba kama tukiendelea, sisi ndio tunaowalipa wale wenye bunduki wa kule. Najua alipoteza wateja na usingizi. Wanunuzi wa ng'ambo wakaandika barua ya pongezi, ikatafsiriwa, ikawekwa kwenye fremu. Sitazungumza juu ya mishahara hapa, isipokuwa kusema kwamba yetu haikukatwa. Kakao yetu karibu yote ilitoka upande ule, na msimu mzima nilikaa mezani bila kitu cha kukata. Nilinoa kisu mpaka kikawa chembamba.

Jérôme hakupata hasara. Alipeleka gari yake kwa wanunuzi wengine, wasioomba karatasi wala shahidi. Mama Masika ndiye aliyekuja kuniambia, asubuhi moja, mikono mitupu.

"Alituambia: sasa munanifaa na nini? Batu yake njo banavuna yote."

"Na ninyi?"

"Tulijaribu kupita siye benyewe, kama zamani." Akakaza kilemba. "Kavugho hakurudi."

Kavugho alikuwa wifi yake, mdogo wa marehemu mume wake. Nilimjua, alikuwa mmoja wa wale mashahidi watatu wa Jérôme, yule mfupi aliyeapa kwa sauti ndogo kuliko wenzake. Nilisimama, nikamvutia kiti changu.

"Miye sikuje kukutukana," akasema Mama Masika. "Nilitaka tu mujue. Mulisema munataka kuwa safi. Ni vizuri. Lakini mukimwaga maji ya kunawa, muangalie kwanza nani anapita chini."

Nilimpigia Papa Désiré simu, nikamwambia habari ya Kavugho. Kisha akasema, "Kahindo, kama tungeendelea, wizi ingekuwa mu magunia yetu. Tumeacha, na kilio iko mu nyumba ya batu. Nionyeshe fasi yenye mutu wa haki anasimama, nitaenda kusimama pale." Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba patron hapaswi kumwuliza mpima kakao swali kama hilo, na yeye alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba sina jibu.

Alifanya aliloweza. Nyumba ilikuwa na kiwanja Mulekera, kilichokusudiwa kujengwa ghala. Alikitoa kwa wale wanawake walime, bila masharti. Ninyi wenyewe mnakijua, kwa sababu wageni wakija tunawapeleka pale kwanza. Kile kibao chenye jina letu mlikiweka ninyi, na mnisamehe nikisema kinaweka kivuli juu ya mistari miwili mizima ya mboga.

Hayo yote nilitaka kuyaacha hapa. Lakini wiki iliyopita, kwa kuwa sasa asubuhi zangu hazina mwenyewe, nilikwenda kwenye kile kiwanja. Mama Masika alikuwa ameketi pembeni ya mistari yake, anafunga lengalenga, yaani mchicha, kwa mafungu kwa ajili ya soko. Tukasalimiana. Nikakaa karibu naye kwenye majani. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima.

"Mama Masika, nimekuja kukuomba musamaha."

Mikono yake haikusimama. "Ya siku gani?"

Nikafungua mdomo. Siku niliyomkataa bila karatasi? Siku niliyoweka sahihi kwa Jérôme? Siku niliyofurahia mbegu kahawia nisiulize? Siku tuliyofunga, nami nikaona fahari kusoma ile barua kwenye fremu? Nilizipitia moja baada ya nyingine, na kila moja nilikuwa na maneno ya kuitetea, na kila moja Kavugho alikuwa amesimama mbele yake.

"Sijui," nikasema.

Akatingisha kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa akiitarajia. "Na miye niliapa kwa jina ya Mungu juu ya Jérôme. Kavugho, ni miye nilimuleta aape. Kila Jumapili nataka kuungama, nafika mbele ya padri, sijue nianzie wapi." Akanisukumia rundo la lengalenga na nyuzi za migomba. "Funga. Bateja ba asubuhi banafika sasa hivi."

Nikafunga mafungu kumi na mawili. Aliyaangalia moja moja, akayageuza, akayabana. Kumi akayapanga ndani ya beseni. Mawili akayafungua, akayafunga upya.